Damu Nyingine

Sheria ya choo katika nyumba ya Bartolomayo ilikuwa moja: usimwage maji mpaka Baba aone.

Haikuwa sheria ya ukali. Aneth alipokuwa darasa la tatu alitoa damu kila alipokwenda haja kubwa, na kwa kuogopa sindano akaificha. Alimwaga maji, akasugua, akatoka chooni akiimba. Baba yake alipokuja kugundua, mtoto alikuwa ameanguka mstarini shuleni, midomo imepauka, viganja havina rangi. Aliongezewa damu, kisha wakapelekwa Dar es Salaam, akalazwa ubavu na kuingizwa kamera mahali ambapo mtoto hapendi hata pakitajwa. Huko ndiko ugonjwa ulikopatiwa maelezo: utumbo mpana unavimba na kutoka vidonda, si kwa sababu ya mdudu wala sumu, ila kwa sababu kinga ya mwili yenyewe inaushambulia. Hauponi moja kwa moja. Hulala, na siku nyingine huamka.

Tangu hapo Bartolomayo akajipa kazi ya kulinda usingizi wa ugonjwa ule. Alikuwa fundi wa vigae, mtu aliyesakafia nusu ya maofisi mapya ya serikali kule Mtumba, na choo chao cha nje, nyuma ya jiko, pale Ihumwa, alikisakafia kwa vigae vyeupe. Alivichagua vyeupe makusudi. Kila asubuhi Aneth akimaliza huita, "Baba, tayari." Baba huja, huinama, hutazama, husema, "Sawa, mama." Kisha huchukua kopo na kumwaga maji yeye mwenyewe.

Mtoto wa miaka kumi hakuona ubaya. Aliona kwamba ana baba ambaye haoni kinyaa kwa chochote chake, na katika mtaa wao hao hawakuwa wengi. Lakini sasa Aneth alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko kidato cha kwanza, na lile neno "tayari" lilikuwa limeanza kumwia zito. Alikuwa akilisema huku ametazama pembeni, kama mtu anayelipia kitu ambacho hakukinunua.

Jumamosi moja ya likizo ya Juni hakulisema kabisa. Alimwaga maji.

Bartolomayo alikuwa uani, mswaki mdomoni. Alisikia maji yakimwagika, akaja.

"Mbona umemwaga?"

"Nimesahau."

"Umesahau," Baba akarudia, bila kuuliza, akaingia.

Aneth alibaki amesimama kando ya karo. Alijua alichokiacha. Pale ambapo sinki la choo linakutana na kigae cha kwanza palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu, ambao maji ya kopo moja hayakuufikia. Fundi aliyeweka kigae kile asingeweza kuukosa.

Baba alitoka polepole. Akasukutua mdomo, akatema, akafunga bomba.

"Imerudi," akasema.

"Hapana, Baba."

"Hapana nini?"

"Siyo ugonjwa."

"Hata mara ya kwanza ulisema hivyo hivyo, Aneth. Kwa sauti hiyo hiyo."

Na ilikuwa kweli. Sentensi ile alishaitumia utotoni, akaitumia vibaya, na sasa alipoihitaji haikuwa na nguvu tena. Baba yake alishaingia ndani kutafuta simu.

Damu ile ilikuwa ya mwezi. Ulikuwa mwezi wa pili tu tangu aanze kuiona, na hakuna mtu mzima aliyejua.

Mama yake aliondoka Aneth akijifunza kutembea, akaolewa tena Manyoni, na simu zake zilikuwa za Krismasi. Kuhusu baba, hapakuwa na njia. Bartolomayo na Aneth walikuwa Wasandawe wa Kwa Mtoro, na katika ukoo wao jambo hilo haliendi kwa baba kwa mdomo wa binti. Linakwenda kwa shangazi. Shangazi ndiye anayemkalisha binti, akamfundisha yanayofundishwa, kisha yeye ndiye anayemfikia kaka yake kwa maneno ya kuzunguka, mpaka kaka anaelewa bila kitu chochote kutajwa. Binti anayempelekea baba habari hiyo mwenyewe amemvunjia heshima baba na amemnyang'anya shangazi kazi yake. Hivyo ndivyo Aneth alivyolelewa, na hakuwahi kuona sababu ya kubisha.

Tatizo ni kwamba shangazi Devota alikuwa Haneti, katikati ya mavuno ya alizeti. Mwezi uliopita Aneth alijiambia atamwambia akija Agosti. Sasa Agosti ilikuwa mbali, na sebuleni Baba alikuwa anaongea na muuguzi wa kliniki kwa sauti kubwa. Mashine ya kukata vigae ilikuwa imemla masikio, kwa hiyo simu zake zote zilikuwa za spika.

"Damu nimeiona kwa macho yangu," alikuwa anasema. "Na ameanza kuficha tena. Naomba isiwe mwisho wa mwezi. Naomba Jumatatu."

Aneth alisikia kila neno. Alijua njia inayoanzia kwenye neno "damu" inakoelekea. Inaelekea kwenye prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga. Alivimeza vidonge hivyo akiwa darasa la tano. Uso ukavimba mpaka macho yakawa mistari miwili, vinyweleo vikamwota mashavuni, na darasa zima likamwita Andazi mpaka alipomaliza la saba. Ikishindikana hapo, inaelekea kwenye kamera: siku nzima ya dawa ya kuharisha, safari ya Dar es Salaam, ubavu, mlango unaofunguliwa na watu usiowajua. Yote hayo alikuwa tayari kuyapokea kwa ajili ya ugonjwa. Hakuwa tayari kuyapokea kwa ajili ya kuwa msichana.

Alasiri akaenda nyumba ya pili, kwa Ritha.

Ritha alikuwa amemzidi miaka minne, anajifunza ushonaji, na alikuwa na maoni kuhusu kila kitu. Ndiye aliyempa Aneth pedi za kwanza, na ndiye aliyempa vidonge vya diklofenaki vya maumivu, kutoka kwenye kopo ambalo mama yake alikuwa akiwekea dawa za magoti.

"Bado vinakusaidia?" Ritha akamuuliza, akimpa viwili vingine.

"Vinasaidia. Tangu juzi nameza asubuhi na jioni."

"Basi umepona. Sasa huo uso wa msiba ni wa nini?"

Aneth akamweleza. Ritha alisikiliza huku akipiga pindo la sketi ya mtu, mguu kwenye cherehani.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nani?"

"Baba yako. Kwani yeye hana dada? Hakuzaliwa na mwanamke?"

"Wewe baba yako ulimwambia?"

Cherehani ikasimama. "Mimi mama ndiye aliyemwambia. Tena siku hiyo hiyo nikakatazwa kuongea na fundi baiskeli. Mpaka leo sijui yule fundi alihusikaje."

Walicheka, Aneth akiwa ameshika tumbo. Kisha Ritha akampa simu yake, na Aneth akapiga namba ya shangazi aliyokuwa ameiiba kwenye simu ya Baba. Mteja hapatikani. Walipiga tena jioni. Jumapili baada ya ibada wakapiga tena. Devota alikuwa anachajia simu dukani, na wakati wa mavuno nani anakwenda dukani?

"Basi mwandikie baba yako ujumbe," Ritha akasema.

"Atausoma kwa sauti. Hata ujumbe anausoma kwa sauti."

"Baba yako naye ni redio," Ritha akasema, akarudi kwenye pindo lake.

Jumatatu asubuhi walikuwa kliniki. Daktari Ambokile, Mnyakyusa mrefu wa Tukuyu mwenye sauti ya kwaya, alikuwa amemfuatilia Aneth tangu arudi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na msimamo wake: mtoto asichunguliwe kwa kamera ikiwa kuna njia nyingine ya kujua. Njia zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kipimo cha choo kikubwa. Utumbo ukivimba, alieleza siku ya kwanza, askari wa mwili hujazana pale na kumwaga protini fulani, na protini hiyo hutoka na choo. Ukiipima, unajua vita iko au haiko bila kumgusa mtoto. Ya pili ilikuwa ultrasaundi, kioo kile kile wanachotazamia wajawazito, ila yeye alikitumia kutazama ukuta wa utumbo na kupima unene wake.

Hili la pili Bartolomayo alilipenda tangu mwanzo. Alielewa kuta.

"Ukivimba unanenepa," Daktari alimwambia siku ile.

"Kama plasta iliyonyonya maji," Bartolomayo akamjibu.

"Hasa."

Muuguzi alileta kikopo cha sampuli. Mkono wa Baba ulitangulia wa Aneth kukipokea. Akamsindikiza mpaka mlango wa choo, akasimama nje na kungoja. Aneth alifanya alivyoweza, akijua kwamba damu ya mwezi ingeweza kuingia humo na kwamba kikopo hakina macho ya kuitofautisha na ile ya ugonjwa.

Mashine ya kliniki ilitoa jibu kabla ya saa sita. Waliitwa.

"Shikamoo, Daktari," Aneth akasema.

"Marahaba, mwanafunzi. Kidato cha kwanza kinasemaje?"

"Kizuri."

"Mzee wangu, karibu ukae." Akakunja karatasi ya majibu, akaikunjua. "Protini imepanda. Si kidogo. Imepita mbali na ile ya Machi."

Bartolomayo hakuketi. "Nilijua," akasema. "Niliiona."

"Tuangalie na ukuta wenyewe kabla hatujasema neno. Aneth, panda kitandani."

Jeli ilikuwa ya baridi. Baba alisimama upande wa kichwa, mkono wake wenye ngozi iliyopasuka kwa saruji ukiwa juu ya mto, karibu na sikio la Aneth. Daktari alipitisha kifaa taratibu, kulia, juu, akashuka kushoto. Kwenye kioo palikuwa na mawingu ya kijivu yaliyojikunja. Alisimamisha picha, akaweka alama mbili, akapima. Akasogea kidogo, akapima tena.

"Mwembamba," akasema, nusu akijisemea. "Hapa mwembamba. Hapa pia. Damu haijakimbilia hapa, hakuna uvimbe. Mzee wangu, njoo uone. Huu ni ukuta wa mtoto mzima kabisa."

Bartolomayo aliinama, akatazama alama zile mbili kwa makini ya mtu aliyezoea kupima nafasi kati ya kigae na kigae.

"Kwa hiyo kimoja kinasema vita, kingine kinasema amani," akasema.

"Ndivyo. Vimegombana."

"Na upande wote umeuona?"

Daktari alisita, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya. "Hapana. Sehemu ya mwisho kabisa siioni vizuri kutokea tumboni. Imejificha chini, ndani ya nyonga. Na kwa Aneth ugonjwa ulianzia huko huko."

"Basi uko huko," Bartolomayo akasema. "Ukuta unaweza ukawa mkavu mbele na umelowa nyuma. Nimebomoa za namna hiyo. Ukingoja doa litokeze mbele, umechelewa. Mara ya kwanza tulichelewa, Daktari. Mara hii andika dawa."

Daktari alimgeukia Aneth. "Tumbo linauma?"

"Kidogo."

"Unakwenda chooni mara nyingi? Usiku unaamka?"

"Hapana."

"Kuna dawa yoyote umemeza zaidi ya zile zako za kila siku? Za maumivu, za kienyeji, za jirani?"

Aneth alihisi mkono wa Baba karibu na sikio lake. Kuitaja diklofenaki ni kuulizwa ilikuwa ya nini.

"Hapana," akasema.

Daktari alirudi mezani. Aligongagonga kalamu kwenye ukingo wa meza. "Sipendi kuanza prednisoloni kwa kipimo kimoja," akasema mwishowe. "Lakini protini imepanda, damu umeiona wewe mwenyewe, na mahali penyewe sipaoni. Siwezi kujifanya sijasikia. Tunaweza kuanza leo kwa wiki chache, na kuwaandikia wenzetu wa Dar es Salaam waandae kamera." Akavuta karatasi ya dawa.

Baba aliinama mpaka Aneth akasikia pumzi yake. Akamwambia kwa Kisandawe, chini kwa chini, lugha ile yenye vidoko vya ulimi ambayo hakuna mwingine chumbani aliyeijua: amwambie kweli, sasa hivi, inauma wapi. Hatamgombeza. Anaogopa tu.

Aneth alitaka kumjibu. Lakini kwa Kisandawe hakuwa na neno. Kila neno la lugha ile alipewa na mtu: na bibi, na baba, na watoto wa Kwa Mtoro waliokuwa wakichunga mbuzi. La jambo hili alikuwa hajapewa. Lilikuwa kwa shangazi, linamngoja. Kulichukua mwenyewe na kumpa baba yake usoni ilikuwa kama kujivua nguo mbele yake.

Kwa Kiswahili lilikuwepo. Mwalimu wa baiolojia aliliandika ubaoni Machi, herufi kubwa, akalipigia mstari kwa rula, akawaacha wavulana wacheke mpaka wachoke, kisha akaendelea na somo. Darasa zima lililinakili. Lilifutwa kwa dasta pamoja na maneno mengine, vumbi la chaki likaanguka chini. Halikuwa la shangazi wala la baba. Lilikuwa la mtu yeyote anayelihitaji.

Aneth alitazama kioo cha ultrasaundi, pale picha ya ukuta wake ilipokuwa bado imesimama, akasema kwa sauti ya kujibu swali darasani:

"Daktari, nipo kwenye hedhi. Huu ni mwezi wa pili. Damu aliyoiona Baba ni hiyo. Na nimemeza diklofenaki siku nne, asubuhi na jioni, kwa ajili ya maumivu yake. Nilikudanganya."

Kalamu ilisimama.

Mkono uliokuwa juu ya mto uliondoka. Aneth hakugeuka. Alisikia viatu vya Baba vikipita nyuma yake, taratibu, mlango ukafunguliwa, ukafungwa bila kupigwa.

Daktari Ambokile aliiweka kalamu. Hakutabasamu wala kujifanya anaongea na mtoto mdogo, na kwa hilo Aneth alimshukuru baadaye.

"Futa hiyo jeli," akasema, akimpa karatasi laini. "Sasa nisikilize vizuri. Diklofenaki peke yake inaweza kuukwaruza utumbo mzima na kuipandisha hii protini, hata kwa mtu asiye na ugonjwa wako. Na damu ya hedhi ikiingia kwenye kikopo inavuruga kipimo. Kwa hiyo sampuli ya leo haijaniambia chochote kuhusu ugonjwa. Naitupa. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Lakini dawa hizo usirudie. Kwako wewe zinaweza kuuamsha ugonjwa kweli. Ikikuuma, parasetamo na chupa ya maji ya moto. Isipotosha, unaniambia mimi. Tutapima upya baada ya wiki kadhaa, siku ambazo hedhi haipo."

Akasukuma karatasi ya dawa kando, tupu. Akachukua kikopo kipya kutoka kwenye droo, akampa Aneth mkononi.

Bartolomayo alikuwa kwenye benchi la nje, mwisho wa korido, ameegemea ukuta. Alikuwa kwenye simu. Sauti ya shangazi Devota, iliyopatikana siku ambayo haikuwa na kazi tena, ilijaza korido yote kwa Kisandawe, na wagonjwa wengine walikuwa wametega masikio kwa lugha wasiyoijua. Baba alimwona Aneth, akamnyooshea simu bila kumtazama.

"Umeniruka," Devota akasema.

"Shikamoo, shangazi. Nilikupigia. Siku mbili."

"Ungengoja. Jambo lako umempa mwanamume wa watu, kwenye chumba cha watu, kabla yangu. Mimi nitakwambia nini sasa?"

"Daktari alikuwa ameshika kalamu, shangazi. Ningengoja nini?"

Kwa upande wa pili palisikika upepo wa shambani na mtu akipiga vichwa vya alizeti. Devota alivuta pumzi kwa kelele.

"Haya," akasema. "Ya daktari ni ya daktari. Yangu yeye hayajui. Nikimaliza kupura nakuja, na baba yako akalale kwa rafiki yake, nyumba iwe yetu."

Simu ikakatika. Aneth aliketi kwenye benchi, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na Baba. Kikopo kilikuwa mapajani mwake. Bartolomayo alikitazama, na mkono wake ukainuka nusu kukipokea kama ulivyozoea.

"Nitakaa nacho," Aneth akasema. Kwa Kiswahili.

Mkono ukashuka. Wakakaa. Muuguzi alipita na toroli, gurudumu moja likilia.

"Baba, nataka choo kiwe changu."

"Uliwahi kunificha," akasema. Naye alijibu kwa Kiswahili, labda kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi.

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Nilikubeba mikononi kutoka shuleni mpaka barabarani. Ulikuwa mwepesi kama mfuko usio na kitu. Wewe hukumbuki, mimi nakumbuka." Alisugua saruji iliyokauka kwenye kucha. "Na leo, pale ndani, Daktari alikuuliza ukasema hapana. Nikiacha kuangalia, nitajuaje?"

Aneth alikuwa na jibu zuri tayari, la kusema kwamba yeye sasa ni mkubwa. Alilitazama, akaliacha. Aliona kwamba Baba haulizi kwa kumdharau. Alikuwa anauliza kitu ambacho yeye mwenyewe hakujua jibu lake: siku itakaporudi kweli, na njia ya Andazi ikawa iko wazi mbele yake, atasema?

"Sijui," akasema. "Lakini ukiendelea kuangalia, sitajifunza kusema. Nitajifunza kusugua."

Bartolomayo aligeuza uso, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu watoke.

"Maneno makali hayo," akasema.

"Samahani, Baba."

"Sijasema ni mabaya."

Haikuwa rahisi kama benchi lile lilivyofanya ionekane. Wiki ya kwanza Bartolomayo alikuwa kila asubuhi na kazi ya kufanya karibu na choo: anachekecha mchanga ambao hakuwa na haja nao, anapanga vipande vya vigae vilivyokwisha pangwa. Aneth alikuwa akitoka anamkuta amempa mgongo, shingo imekakamaa. Hakuuliza. Siku moja alijisahau akauliza, Aneth akamjibu, "Sawa tu," na Baba akakubali neno bila ushahidi, ingawa lilionekana kumshinda kumeza.

Devota alikuja na mfuko wa karanga, akafukuza kaka yake kwa siku mbili, akasema yake. Kabla ya kuondoka alimwita Ritha na kumuuliza, mbele ya mama yake, nani alimpa ruhusa ya kugawa dawa za magoti kwa mtoto mwenye tumbo bovu. Ritha hakuwa na jibu, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumzia.

Kipimo cha pili kilikuwa cha chini, cha chini kuliko cha Machi. Safari hii Aneth alipeleka kikopo mwenyewe kabla ya shule. Daktari Ambokile alimpigia Bartolomayo kumpa majibu, na Bartolomayo akasema, "Piga tena jioni umwambie mwenyewe, atakuwa amerudi," kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya chumba alichokuwa akisakafia, mpaka vijana wake wakamuuliza kama amepewa habari mbaya.

Agosti ikapita. Septemba ikaleta upepo wa vumbi unaoingia hadi kwenye chumvi. Baba aliacha kuchekecha mchanga.

Jumapili moja ya Oktoba, asubuhi kabla ya misa, Aneth aliona.

Ilikuwa kidogo. Uzi mwekundu ndani ya ute, na ulikuwa umetoka mahali ambapo haupaswi kutoka. Mwezi wake ulikuwa umekwisha wiki iliyopita. Hapakuwa na kitu cha kusingizia. Alisimama na kopo la maji mkononi. Alifikiria mtihani wa kumaliza mwaka. Alifikiria mashavu yake. Alifikiria kwamba huenda kesho damu haitakuwepo, kwamba mtu anaweza kungoja kesho moja tu, na akatambua wazo hilo lilikotoka: lilikuwa la mtoto wa darasa la tatu, bado yumo humu ndani, bado anajua kuimba.

Akamwaga maji. Hakumwita mtu. Akanawa, akaenda jikoni.

Bartolomayo alikuwa akikoroga uji wa mtama, amevaa shati la kanisani na kanda mbili.

"Baba," Aneth akasema, "leo kuna damu. Siyo ile nyingine. Ni ya ugonjwa."

Mwiko ulisimama. Aneth aliona macho ya Baba yakienda mlangoni, yakitoka nje, yakielekea nyuma ya jiko ambako sasa hapakuwa na kitu cha kuona. Aliyaona pia yakirudi, polepole, mpaka yakatua kwake.

"Nyingi?"

"Kidogo. Na ute. Ndiyo mara ya kwanza."

"Tumbo?"

"Linavuta, upande wa kushoto. Si sana."

"Umemeza kitu cha mtu?"

"Hapana. Kweli."

Alitikisa kichwa kukubali. Uji ulianza kuchemka pembeni ya sufuria. Akaupunguzia moto, akachukua kikombe, akamjazia Aneth kwanza, akausukuma mbele yake pamoja na kijiko.

"Kunywa upate nguvu," akasema. "Halafu tutampigia Ambokile. Utamweleza wewe, mimi nitasikiliza."